Kujifunza kwa Simu, Hatua kwa Hatua: Somo la Mahindi Makavu



Tunapotembelea vikundi vyetu, huku Kitui na kule Makueni, swali moja linarudi kila mara. Watu wanauliza: "Siku hizi masomo yako kwa simu. Je, mtu mzima, tena mkulima, anaweza kujifunza akiwa nyumbani kwake, kwa wakati wake, bila kuja semina?" Tunajibu: ndiyo, anaweza. Lakini si kila somo la simu linafunza. Mengine yanaingia sikio hili na kutokea lile.

Katika somo hili tutaangalia jinsi mtu anavyojifunza tendo mpaka likawa tabia. Halafu tutalitumia kwa jambo ambalo limewahi kutuletea msiba hapa kwetu: kukausha na kuhifadhi mahindi.

1. MSIBA TUNAOUKUMBUKA

Mwaka 1981, katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilikuwa bado pamoja na Makueni, watu 20 waliugua ini baada ya kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini. Kati yao 12 walifariki. Mwaka 2004 msiba ulirudi kwa nguvu zaidi. Watu 317 waliugua na 125 wakafariki, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui. Wako wasomaji wetu wanaokumbuka macho ya manjano, tumbo kuvimba, na mazishi yaliyofuatana.

Sumu hii inatoka kwa ukungu unaoota kwenye nafaka yenye unyevu. Haina harufu wala ladha ya kuaminika, na kuipika hakuiondoi. Kukoboa muthokoi kunaipunguza, lakini hakuimalizi. Uchunguzi wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba nyumba zilizougua zilikuwa zimeweka mahindi yakiwa mabichi, tena ndani ya nyumba badala ya ghala.

Sasa, hebu tujiulize. Kati ya 1981 na 2004 watu walikuwa hawajasikia kwamba mahindi yakaushwe? Walisikia. Hata leo, ukiuliza katika baraza la chifu, "Mahindi huanikwa wapi?" watu wote watajibu pamoja: "Juu ya turubai!" Halafu ukipita njiani jioni unakuta mahindi yametandazwa chini kwenye udongo. Kwa hiyo kujua kusema ni kitu kimoja, na kutenda ni kingine. Hapa ndipo somo letu linapoanzia.

2. TABIA HUJENGWA NA NINI?

Wako wataalamu waliosema hivi: usiulize mtu anajua nini, angalia anafanya nini, na angalia ni kitu gani kinachofuata baada ya kufanya. Mafundisho yao huitwa nadharia ya tabia.

Wa kwanza tutakayemtaja ni Pavlov wa Urusi. Alionyesha kwamba mbwa aliyezoea kusikia mlio fulani kabla ya kupewa chakula huanza kutoa mate kwa kusikia ule mlio tu. Sisi tunalijua hili kwa kuku wetu. Ukigonga debe la mtama, wanakuja mbio hata kama debe ni tupu.

Wa pili ni Thorndike wa Marekani. Mwaka 1898 alieleza majaribio yake ya paka waliofungiwa ndani ya sanduku. Paka alihangaika mpaka kwa bahati akagusa kifungo, mlango ukafunguka, akapata chakula. Siku zilizofuata alikifikia kile kifungo mapema zaidi na zaidi. Thorndike akasema: tendo linaloleta matokeo mazuri hurudiwa, na lile lisiloleta hufifia.

Wa tatu ni Skinner, pia wa Marekani. Mwaka 1953 alitembelea darasa la hesabu la binti yake. Aliona watoto wanafanya hesabu bila kujua kama wamepata au wamekosa mpaka mwalimu asahihishe. Alirudi nyumbani akatengeneza sanduku la kufundishia. Mtoto anaona swali moja dogo, anaandika jibu, anasogeza, na papo hapo anaona jibu sahihi. Kila mmoja alikwenda kwa mwendo wake. Masomo ya simu na ya intaneti ya leo, yale ya "jibu swali hili ndipo uendelee," ni wajukuu wa sanduku lile.

Kwa nini basi mama anaingiza mahindi mabichi ndani? Tuangalie matokeo. Akiyaingiza mapema anapata faida leo leo: mvua ya Machi haitayanyeshea, mwizi hatayachukua, mbuzi hawatayala. Na hasara ya sumu? Haionekani. Inakuja baadaye, na mara nyingine haiji kabisa. Faida ya leo inaishinda hatari ya kesho. Si kwamba mama huyu ni mjinga. Amefunzwa na matokeo, kama sisi sote.

Kwa hiyo kazi ya mafunzo ni kuyasogeza matokeo karibu. Mkulima aone leo, kwa macho yake, kwamba mahindi haya ni makavu au bado.

3. KANUNI NNE ZA SOMO LA SIMU

Kenya ina historia ya watu wazima kusoma wakiwa mbali na mwalimu. Mwaka 1967, chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha masomo ya posta na redio kwa walimu wa shule za msingi. Mwaka 2005 Amref na Baraza la Wauguzi la Kenya walianza kuwasomesha wauguzi wa cheti kwa kompyuta ili wafikie diploma bila kuacha kazi zao. Katika miaka ya 2010 zikaja huduma kama Eneza na Arifu, ambazo zilifundisha hata kwa ujumbe mfupi kwenye simu ya kabambe. Katika masomo ya namna hii, yale yanayofunza vizuri yanafuata kanuni nne.

Kwanza, hatua iwe ndogo. Ujumbe mmoja, jambo moja. Mtu aliyetoka shambani amechoka hawezi kumeza kurasa kumi. Haba na haba hujaza kibaba.

Pili, mjifunzaji atende. Kusoma tu si kujifunza. Kila hatua iwe na swali la kujibu au kazi ya kufanya kwa mikono.

Tatu, jibu lije papo hapo. Aliyepata ajue amepata. Aliyekosa asiaibishwe, aonyeshwe mahali alipoteleza na ajaribu tena. Na kama wengi wanakosa swali lile lile, kosa ni la somo, si la wanafunzi. Hatua ile ilikuwa kubwa mno, igawanywe.

Nne, tuzo ifuate tendo. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Lakini tuzo si lazima iwe pesa. Kuona umeweza ni tuzo. Kusifiwa mbele ya wenzako ni tuzo. Gunia lisilooza mwezi wa Juni ni tuzo kubwa kuliko zote.

4. MFANO: SOMO LA MAHINDI KWA HATUA SITA

Hapa tunawapa mfano ambao katibu au mhamasishaji wa kikundi anaweza kuutuma kwa SMS au WhatsApp, hatua moja kwa siku chache. Mtu haendi hatua ya pili kabla ya kutenda ya kwanza. Asiye na simu atumie kadi za karatasi: swali mbele, jibu nyuma. Ni sanduku lile lile la Skinner, kwa bei ya daftari.

Hatua ya 1. Swali: Mahindi yakianikwa chini kwenye udongo, yanapata nini kutoka ardhini? Jibu: Yanapata unyevu na ukungu. Kazi: Tafuta turubai, au tengeneza kichanja. Usipopata, mwambie mwenzako wa karibu leo.

Hatua ya 2. Swali: Wingu likitanda mchana, utafanya nini? Jibu: Funika au ingiza mahali penye hewa, lakini usiyafunge ndani ya gunia. Kazi: Amua sasa ni nani nyumbani atakayeangalia mahindi ukienda sokoni.

Hatua ya 3. Swali: Punje zilizovunjika, zenye wadudu au zenye ukungu, tuwape kuku na ng'ombe? Jibu: Hapana. Sumu inawadhuru wanyama, na ng'ombe akila inapita mpaka kwenye maziwa. Kazi: Chambua debe moja leo. Punje mbaya zitupwe mbali, watoto wasizifikie.

Hatua ya 4. Hii ndiyo hatua kuu. Kazi: Chukua chupa kavu ya glasi yenye kifuniko. Weka ndani vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyokaushwa vizuri kwa jua. Ongeza mahindi mpaka kama theluthi moja ya chupa. Funga, tikisa kwa dakika moja, halafu acha itulie robo saa. Swali: Chumvi imeshika ukutani mwa chupa? Jibu: Ikishika, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15. Yarudishe juani. Isiposhika, yamefika chini ya asilimia 15. Lakini ya kuweka ghalani yanatakiwa yawe asilimia 13.5 au chini yake, kwa hiyo yaendelee kukauka, na ikiwezekana yapimwe kwa kipimo cha afisa wa kilimo kabla ya kufungwa.

Hatua ya 5. Swali: Gunia liwekwe wapi? Jibu: Juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali pakavu penye hewa. Mifuko isiyopitisha hewa ni mizuri, lakini ni kwa mahindi makavu tu. Kazi: Tengeneza mbao za kuinulia magunia kabla ya kufunga hata gunia moja.

Hatua ya 6. Swali: Ukishafunga gunia umemaliza? Jibu: Bado. Kazi: Kila wiki mbili ingiza mkono ndani ya magunia ya kawaida. Ukisikia joto au harufu ya uvundo, toa, anika, chambua upya. Ule mfuko usiopitisha hewa usiufungue ovyo. Ukague kwa nje kama umetoboka.

Mnaona jinsi chupa ya chumvi inavyofanya kazi ya mwalimu? Haimgombezi mtu. Inampa jibu papo hapo, jikoni kwake, bila kungoja semina. Lakini tahadhari: chupa inapima unyevu, haipimi sumu. Mahindi yaliyokwisha kuota ukungu, hata yakikauka, hayawi salama kwa sababu chumvi haikushika. Na mtu yeyote mwenye macho ya manjano na tumbo kuvimba apelekwe hospitali mara moja. Hilo halingoji somo.

5. MAHALI SOMO LA SIMU LINAPOKWAMA

Lazima tuseme ukweli. Tumeona watu wengi wakianza kwa bidii, halafu katika hatua ya tatu wananyamaza. Kila mtu na mwendo wake ni jambo zuri, lakini bila mtu wa kuuliza "umefika wapi?" ule mwendo husimama. Simu haina charji, bando limeisha, au simu ni ya bwana na mama anaiona jioni tu.

Dawa yake tunayo tangu zamani. Ni mwethya. Babu zetu walichimba matuta na kulima kwa pamoja, kila mtu na jembe lake, lakini hakuna aliyebaki nyuma bila kuonekana. Basi tufanye hivi: kila mtu asome kwa wakati wake, lakini wawe watatu watatu, majirani, wanaoulizana mara moja kwa wiki. Anayejua kusoma amsomee asiyejua. Mwenye simu awaonyeshe wasio nayo. Na mkutanoni tusiulize "nani amesoma?" Tuulize "nani amefanya?" Kila mmoja alete chupa yake. Chumvi haitatudanganya.

Jambo la pili ni hatari ya tuzo. Sisi wenyewe tuliwahi kukosea hapa. Wakati fulani tuligawa sukari kwa kila aliyehudhuria mafunzo. Ukumbi ulijaa. Sukari ilipoisha, watu wakaisha. Kumbe tulikuwa tumefundisha kuhudhuria kwa ajili ya sukari, hatukufundisha kilimo. Ni kama ile kazi ya chakula wakati wa njaa. Penye mipango ya namna hiyo mmeona matuta yakichimbwa chakula kikija, na matuta yale yale yakibomoka chakula kikikoma, kwa sababu hakuna aliyeona kwamba ni yake.

Wataalamu wa tabia wenyewe waliliona jambo hili. Tendo linalolipwa kila mara hufa haraka malipo yakikoma. Tendo linalopata tuzo mara moja moja hudumu zaidi. Kwa hiyo mwanzoni msifu mtu kila hatua. Baadaye punguza polepole, mpaka faida ya kazi yenyewe, yaani chakula salama na mahindi yenye bei, ichukue mahali pa sifa zako.

6. MTU SI KUKU WA DEBE

Jambo la tatu ni kubwa zaidi. Nadharia hii inatufaa, lakini haitoshi. Inaweza kumfundisha mtu kujibu sawasawa bila kumwuliza ana shida gani. Hapa kanisa katika Kenya lina mapokeo mengine. Kuanzia mwaka 1974 mafunzo ya DELTA, yaliyofuata mawazo ya Paulo Freire wa Brazili, yaliwafundisha viongozi wa jamii kuketi na watu, kusikiliza, na kuuliza: kwa nini mambo yako hivi?

Tukiuliza "kwa nini" juu ya mahindi, tunasikia mambo ambayo simu haiyajui. Mjane mmoja atasema: "Turubai sina, na nikiyaacha nje usiku yataibwa." Mwingine atasema: "Karo inadaiwa, lazima niuze wiki hii hii, makavu yasiwe makavu." Hapo hata umtumie ujumbe mia moja, mahindi hayatakauka. Anachohitaji si hatua ya saba. Anahitaji turubai.

Kwa hiyo vitu viwili vifuatane. Nadharia ya tabia itupe namna ya kufundisha tendo. Mazungumzo ya kikundi yatuonyeshe kizuizi kilichopo na namna ya kukiondoa. Kikundi cha watu 20 kikichanga kidogo kidogo katika mzunguko wake, kinaweza kununua maturubai mawili ya kuzungushana, na kupanga zamu ya kulinda mahindi ya mjane. Hiyo ni tuzo ambayo inakuja kabla ya tendo na inaliwezesha.

Tumkumbuke Yusufu kule Misri. Hakuishia kufasiri ndoto ya njaa. Alijenga ghala, akaweka nafaka mwaka baada ya mwaka katika wakati wa shibe. Ndoto aliifasiri siku moja. Kazi ilichukua miaka saba.

KAZI YA KIKUNDI

Msomeeni asiyeweza kusoma somo hili, kisha someni Mwanzo 41 na mjadiliane:

1. Ni jambo gani tulilofundishwa semina, tunalijua kulisema, lakini hatulitendi? Tunapata faida gani ya leo kwa kutolitenda?

2. Katika kikundi chetu ni nani ana simu, ni nani hana, na ni nani anaiona jioni tu? Tutawapangaje watatu watatu?

3. Ni tuzo gani tumezoea kungojea kutoka nje? Ikikoma, ni kazi ipi itakayokufa?

4. Nani kati yetu hawezi kukausha mahindi kwa sababu ya kukosa kitu, si kwa kukosa elimu? Tutafanya nini kabla ya mavuno?

Mpaka mkutano ujao, kila mmoja atende hatua ya 1 mpaka ya 4, kwa mwendo wake. Asiye na mahindi wakati huu ajaribu chupa kwa mtama. Mtama hauna kiwango kile cha asilimia 15, lakini atajifunza kutikisa chupa na kuitazama chumvi. Katibu aandike katika daftari majina na hatua aliyofika kila mmoja, bila kumcheka aliye nyuma. Aliye nyuma ndiye atakayetuonyesha mahali somo letu lilipo gumu.

Mungu azibariki kazi za mikono yenu.